Diski ina nafasi ila inasema imejaa: maswali yanayorudi kila siku kuhusu xattr na kodi zake za eror

Haya ni maswali ambayo nimejibu mara nyingi sana, mengine mpaka usiku wa manane kwenye simu, nikaona niyaweke sehemu moja. Ni ya Linux zaidi, Mac nimeigusa mwishoni. Ukishajua msingi ruka hadi swali la 4, ndo linawaleta wengi hapa.

## Msingi kwanza

1. Hizi xattr ni kitu gani hasa?

Faili lina data ndani, lina jina, lina mwenyewe, lina ruhusa. Juu ya hapo unaweza ukalibandikia vikaratasi vidogo, kila kikaratasi kina jina na thamani, na data ya faili haiguswi kabisa. Hivyo vikaratasi ndo atributi za ziada, kwa kifupi xattr. Majina yake huanza na ukoo: `user.` ni zako wewe mtumiaji, `security.` za usalama, `system.` za mfumo wenyewe, `trusted.` za root (msimamizi mkuu wa mashine).

Na usiseme huzitumii, maana unazo tayari. Ukiwa na SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux) kila faili lina `security.selinux`, ukiweka ACL (orodha ya ruhusa kwa mtumiaji au kikundi mmoja mmoja) inakaa kwenye `system.posix_acl_access`, na curl ukimpa `--xattr` anaandika anwani ulikoshusha faili kwenye `user.xdg.origin.url`. Piga `getfattr -d -m - faili` uone zilizopo, na ukipiga kama root utaona zaidi.

2. Zinakaa wapi kwenye diski?

Hapa ndo mzizi wa vurugu zote, kwa sababu kila mfumo wa faili unazihifadhi kwa namna yake.

Ext4 ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ndani ya inodi yenyewe (rekodi ya faili kwenye diski, yenye mwenyewe na ruhusa zake): inodi ya kawaida ni baiti 256, ukitoa mambo yake ya msingi inabaki nafasi ya chini ya baiti 100. Hapo panatosha lebo ya SELinux na kitu kidogo pembeni. Zikizidi inachukua bloku (kipande cha diski) moja ya nje, kwa kawaida baiti 4096, na imeisha hapo. Bloku moja tu kwa faili, atributi zote zibanane humo, majina kwa thamani. Yaani ni kama kabati lenye droo moja, hata kama nyumba ina vyumba 20 vitupu.

XFS haina hiyo shida, ikihitaji bloku nyingine inachukua, idadi ya atributi haina ukomo wa kuuhisi. Btrfs inaruhusu nyingi pia, ila kila moja (jina, thamani na vifungashio vyake) lazima ienee kwenye nodi moja ya mti wake, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti 16.

3. Kwa hiyo kikomo ni kipi?

Vipo viwili na watu wanavichanganya. Kuna getini na kuna ndani. Getini ni keneli yenyewe (moyo wa Linux), ile tabaka ya VFS ambayo kila ombi linapita kabla ya kufika kwenye mfumo wa faili: jina lisizidi baiti 255, thamani isizidi baiti 65536, na orodha ya majina yote ya faili moja isizidi baiti 65536. Hii ni sawa kwa kila mtu. Ukishapita geti ndo unakutana na kikomo cha ndani, cha ext4 au btrfs au chochote ulichofomati, na hicho karibu kila mara ni kidogo kuliko cha getini.

Kumbuka hii picha ya geti na ndani maana majibu mengi hapa chini yanaitegemea.

## Kodi za eror zenyewe

4. Diski ina nafasi kibao, mbona naambiwa "No space left on device"?

Hiyo ni `ENOSPC`, namba 28, na inakudanganya. Kwenye ext4 ukijaza ile bloku moja ya faili husika keneli inarudisha `ENOSPC` ileile inayorudishwa diski ikijaa kweli, na `strerror`, inayogeuza namba ya kodi kuwa maneno, haijui tofauti, inakuandikia diski imejaa.

Mimi iliniumiza hivi: tulikuwa na mafaili ya skani kwenye XFS, kila moja limebandikwa maneno yaliyosomwa kutoka kwenye picha, kwenye `user.maandishi`. Ikanunuliwa diski mpya ya bakapu, kijana akaifomati ext4 kwa mazoea, rsync (programu ya kukopi mafaili) ikaachwa usiku. Asubuhi logi imejaa "No space left on device (28)", mimi nikapiga `df -h`, inasema asilimia 31. Nikapiga `df -i` nikidhani inodi zimeisha, asilimia 2. Tukashuku kebo, tukashuku diski mbovu, tukaizungusha hadi kwa muuzaji! Mchana ndo nikapiga `getfattr` kwenye faili moja lililogoma, `user.maandishi` peke yake ina baiti 6,100. Bloku ni 4096. Kwisha.

Ukitaka kuiona kwa macho yako fanya hivi kwenye mashine ya majaribio:

```
truncate -s 1G e.img
mkfs.ext4 -b 4096 e.img
mount -o loop e.img /mnt && touch /mnt/f
setfattr -n user.a -v "$(head -c 5000 /dev/zero | tr '\0' x)" /mnt/f
```

Utapata `setfattr: /mnt/f: No space left on device` kwenye diski ambayo haina kitu kabisa. Punguza 5000 iwe 3000 inapita. Halafu ongeza `user.b` nayo ya 3000, inagoma, maana droo ni moja.

5. Na "Argument list too long"? Komandi yangu ni fupi tu!

Hiyo ni `E2BIG`, namba 7. Maneno yake yalitungwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa, kuendesha programu yenye vigezo vingi kupita kiasi, ila kodi ikaazimwa. Kwenye xattr maana yake ni kwamba thamani imezidi baiti 65536 na imekataliwa getini, mfumo wako wa faili hata haujaulizwa. Rudia mfano wa swali la 4 na baiti 70000 utaiona, na utaiona hivyohivyo kwenye XFS, btrfs, popote panapokubali xattr.

Angalia lakini hiyo hali ya ajabu: kwenye ext4 baiti 5,000 zinakupa `ENOSPC`, baiti 70,000 zinakupa `E2BIG`. Kosa la mtumiaji ni lilelile, kaandika kitu kikubwa mno, majibu mawili tofauti kwa sababu tu ya nani kamkamata kwanza.

6. "Numerical result out of range", sijafanya hesabu yoyote mimi.

`ERANGE`, namba 34, na hii ina sura mbili. Wakati wa kuandika inatoka getini jina likiwa tupu au limezidi baiti 255. Wakati wa kusoma maana yake ndoo uliyoleta ni ndogo kuliko maji: umeita `getxattr` ukaleta bafa ya baiti 100 na thamani ni 300.

Hii ya pili sio kosa la kuogopa, unauliza ukubwa kwanza (ukipeleka saizi 0 inakurudishia ukubwa tu), unatenga bafa, unasoma. Ila kati ya kuuliza na kusoma mtu mwingine anaweza akawa ameikuza, kwa hiyo weka kwenye luupu, ukipata `ERANGE` uliza tena. Programu nyingi hazifanyi hivyo na zinaanguka mara moja kwa mwezi bila mtu kujua kwa nini.

7. Mfumo gani unarudisha nini kikomo cha ndani kikifika?

Ext4: `ENOSPC`, iwe thamani moja ni kubwa mno au jumla imezidi. Btrfs nayo `ENOSPC` ukizidisha ile nodi, hata kama una terabaiti tupu. XFS inafika hadi kilobaiti 64 kamili, kwa hiyo geti linakukamata kabla yake na unaona `E2BIG`, na ukiona `ENOSPC` kwenye XFS mara nyingi diski imejaa kweli, iamini.

F2FS, ambayo simu nyingi za Android zinaitumia, kwa maoni yangu ndo imefanya vizuri kuliko wote: thamani moja ikiwa kubwa kuliko inavyoweza kubeba hata pakiwa patupu inatoa `E2BIG`, ikiwa ingeenea ila wenzake wamejaza nafasi inatoa `ENOSPC`. Unaelewa mara moja, ya kwanza huna la kufanya, ya pili futa kitu ujaribu tena.

UBIFS, ile ya ruta na vifaa vidogo, ina kituko chake, thamani ikizidi baiti 4096 inarudisha `ERANGE`. Kwa hiyo kosa moja, kodi tatu, kutegemea umefomati nini.

8. Kwa nini wasikubaliane tu kodi moja?

Kwa sababu hakuna aliyewalazimisha. Xattr hazikuwahi kuingia kwenye POSIX, kulikuwa na rasimu ya POSIX.1e iliyogusa ACL na mambo ya usalama ila ikaachwa njiani 1997, na kila mwandishi wa mfumo wa faili akachagua kodi iliyoonekana inafanana. Ukurasa wa `setxattr` unasema `ENOSPC` ni nafasi haitoshi kuhifadhi atributi, hausemi nafasi ya wapi, ya faili au ya diski. Mwenye ext4 hajavunja sheria.

Na sasa hivi kubadilisha ni kazi, zipo programu zilizoandikwa zikitegemea `ENOSPC` ya ext4, ukigeuza leo unavunja za watu. Mimi ningependa kikomo cha faili kiwe `E2BIG` kila mahali na `ENOSPC` ibaki ya diski, ila mimi sio wa kuamua.

9. Hizi nyingine nazo?

Haraka haraka. `EDQUOT` (122) ni kwota yako imeisha, mwone admini. `EOPNOTSUPP` (95) ni mfumo haujui xattr kabisa, mfano flashi ya FAT au exFAT. `ENODATA` (61) ni umesoma au kufuta atributi ambayo haipo. `EPERM` (1) mara nyingi ni umejaribu kuweka `user.` kwenye symlink (faili linaloelekeza kwa jingine), hairuhusiwi, zinakaa kwenye faili la kawaida na folda tu.

## Kuhamisha mafaili

10. Nilikopi kwa `cp -a`, haikulalamika, ila atributi hazipo. Zimeenda wapi?

Zimepotea njiani na `cp` kanyamaza kwa makusudi. Kwenye `-a` atributi ni za kujaribu tu, zikigoma hakuna ujumbe na kodi ya kutoka inabaki 0. Ukitaka alalamike andika `cp -a --preserve=xattr`, hapo zikigoma anakwambia na anatoka na kosa.

Rsync bila `-X` hazihamishi kabisa, ukiweka `-X` zikagoma anaandika kwenye logi na anamaliza na kodi 23, ambayo skripti nyingi za bakapu zinaipuuza kwa sababu "23 huwa inatokea tokea". Tar nayo inahitaji `--xattrs` wakati wa kufunga na wakati wa kufungua.

11. Kwenye NFS inakuwaje?

NFS ni kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao. Zamani `user.*` humo ilikuwa `EOPNOTSUPP` moja kwa moja. RFC 8276 ya 2017 ikaleta xattr kwenye NFSv4.2, na Linux ikazikubali kuanzia keneli 5.9 ya 2020, kwa `user.*` peke yake.

Itifaki yenyewe ina kodi yake safi kwa thamani kubwa, `NFS4ERR_XATTR2BIG`, ambayo kwa mteja wa Linux inageuka `E2BIG`. Ila seva ikiwa na ext4 chini yake, ext4 inasema `ENOSPC`, seva inaituma kama `NFS4ERR_NOSPC`, wewe unaona diski ya seva imejaa. Kwa hiyo kwenye NFS kodi inakwambia habari za mfumo wa faili wa mtu mwingine ambao huwezi hata kuuona. Muulize mwenye seva kafomati nini.

12. Watu wa Windows kwenye Samba wanaambiwa diski imejaa.

Samba ndo inawapa Windows mafaili ya seva ya Linux. Ukiwa umewasha `vfs_streams_xattr`, zile strimu za pembeni za NTFS zinahifadhiwa ndani ya xattr. Strimu ikizidi bloku ya ext4 inakuja `ENOSPC`, Samba inaigeuza kuwa `NT_STATUS_DISK_FULL`, na mhasibu wako anapiga simu kwamba seva imejaa. Ni swali la 4 limevaa koti. Share yenye strimu weka kwenye XFS ulale.

13. `setfacl` imegoma kwa "No space left on device", hii nayo ni xattr?

Ndiyo, ACL inakaa droo ileile. Kila mtumiaji au kikundi unachokitaja kinakula baiti 8 kwenye ext4, kwa hiyo unafika mia kadhaa kabla ya kugoma, ila kama faili lina atributi nyingine nene utagoma mapema. XFS ya muundo wa zamani, v4, inaruhusu viingizo 25 tu na ukizidisha inatoa `E2BIG`, ya sasa v5 inapita elfu 5. Lakini ukifika huko kwenye ACL tengeneza kikundi, bana.

## Tiba

14. Nina ext4 tayari na imegoma, nifanyeje?

Kuna njia tatu na hazilingani uzuri.

Ya kwanza ni kuwasha `ea_inode`: `tune2fs -O ea_inode /dev/sdX1`, diski ikiwa imeondolewa kwenye maunti. Thamani kubwa zinahamia kwenye inodi zake zenyewe na unaweza kufika kilobaiti 64 kwa kila moja. Majina bado yanakaa mle mle kwenye bloku kwa hiyo idadi ina mwisho, ila ukubwa umepona. Inahitaji keneli 4.13 au zaidi, na ukishaiwasha `tune2fs` haiizimi, na mashine yenye keneli ya zamani itakataa kuimaunti diski. Ndo tulichofanya kwenye ile bakapu ya swali la 4, rsync ikarudiwa, kimya.

Ya pili ni kufomati upya na inodi kubwa, `mkfs.ext4 -I 1024`. Inakuongezea baiti mia kadhaa tu kwa faili, inafaa kwa atributi nyingi ndogo, kwa thamani ya 6,100 haikusaidii chochote.

Ya tatu, hamia XFS. Kama diski bado tupu sioni sababu ya kubishana.

Na kama unafomati diski ndogo ya chini ya megabaiti 512, `mkfs.ext4` huchagua bloku ya baiti 1024 yenyewe, kwa hiyo droo yako inakuwa robo. Weka `-b 4096` kwa mkono.

15. Naandika programu, nishike kodi ipi?

Zishike zote nne kama ukoo mmoja, halafu ndo uulize zaidi:

```
import os, errno
UKUBWA = {errno.ENOSPC, errno.E2BIG, errno.ERANGE, errno.EDQUOT}
try:
    os.setxattr(njia, "user.maandishi", data)
except OSError as e:
    if e.errno not in UKUBWA:
        raise
    wazi = os.statvfs(njia).f_bavail
    if e.errno == errno.ENOSPC and wazi == 0:
        print("diski imejaa kweli")
    elif e.errno == errno.EDQUOT:
        print("kwota imeisha")
    else:
        print("faili hili halibebi atributi ya baiti", len(data))
```

Ile `f_bavail` sio ushahidi wa mahakamani, diski inaweza ikajaa na kufunguka katikati, ila inatosha kumwandikia mtumiaji ujumbe usiomtuma dukani kununua diski. Halafu usijaribu tena na tena ukipata kikomo cha faili, hakitabadilika ukisubiri. Kama data yako inaweza kupita baiti 4,000 iweke kwenye faili la pembeni tangu mwanzo na kwenye xattr acha njia tu.

## Kesi za pembeni

16. Baiti 65536 kamili nimeandika kwa heksi kwenye XFS, bado "Argument list too long". Si ndo kikomo chenyewe?

Angalia nani kasema. Ujumbe ukianza na `bash:` badala ya `setfattr:` basi hata geti la xattr hujalifika. Heksi inatumia herufi mbili kwa baiti, 65536 inakuwa 131072, ongeza `0x` ya mbele, na Linux hairuhusu kigezo kimoja cha komandi kufika hapo (mwisho ni 131072 pamoja na alama ya kufunga). Kwa hiyo hii ni ile `E2BIG` ya asili, ya kuendesha programu. Tumia base64 kwa `0s`, au fanya kwa Python.

17. Kwenye XFS `getfattr` inagoma kuorodhesha ila nikitaja jina nasoma vizuri.

Majina yamezidi kilobaiti 64 kwa jumla. XFS inakubali kuyahifadhi, geti halikubali kuyatoa yote kwa mpigo, `listxattr` inarudisha `E2BIG`. Majina unayoyajua unayasoma, usiyoyajua yamefichika, na rsync `-X` haitayaona. Ukifika hapo umetumia xattr kama database, rudi nyuma.

18. Majaribio yangu kwenye /tmp yanapita, kwenye seva yanagoma.

`/tmp` yako ni tmpfs (mfumo wa faili unaokaa kwenye RAM), haina ule ukuta wa bloku moja. Na kabla ya keneli 6.6 hata `user.*` ilikuwa haizikubali, kwa hiyo mwenzako mwenye keneli ya zamani atapata `EOPNOTSUPP` pale unapopita wewe. Jaribu kwenye picha ya ext4 kama ya swali la 4.

19. Logi zetu za Mac na Linux zinaandika namba tu, naona 61 nyingi. Ni `ENODATA`?

Kwa Linux ndiyo. Kwa Mac 61 ni `ECONNREFUSED`, mtandao umekataa, na atributi isiyokuwepo ni `ENOATTR`, 93. `EDQUOT` ni 122 Linux na 69 Mac. Jina refu nalo Linux ni `ERANGE` likizidi baiti 255, Mac ni `ENAMETOOLONG` likizidi 127. `ENOSPC` na `E2BIG` zinafanana, 28 na 7. Andika jina la kodi kwenye logi, sio namba, na za zamani zitenganishe kwa mashine kabla hujaanza kuhesabu.